Kitenzi 'kuteua' na safari ndefu ya uhuru wa mahakama

Mwanafunzi wangu mmoja wa somo la tafsiri aliwahi kuniletea kipande cha gazeti cha Juni 2021. Habari yenyewe ilimhusu Rais Uhuru Kenyatta, aliyekuwa ameteua majaji 34 na kuwaacha nje wengine sita. "Mwalimu," akaniuliza, "kama Rais ndiye anayeteua, kosa lake liko wapi? Mwenye kuteua si ana haki ya kuacha?"

Swali hilo lilinikwaza. Jibu la kisheria nilikuwa nalo. La lugha sikuwa nalo. Katika Kiswahili, kuteua si jambo la mzaha. Ni kuchagua kwa makini na kutenga kilicho bora. Mnunuzi wa maembe pale Kongowea huteua: huyabonyeza, huyanusa, akachukua haya na kuyaacha yale. Hakuna awezaye kumlazimisha kubeba embe asilolitaka. Basi tunaposema Rais "ameteua" jaji, tayari tumempa mamlaka ya mnunuzi yule wa maembe. Je, hivyo ndivyo Katiba isemavyo?

La hasha. Kifungu cha 166 cha Katiba ya 2010 kinamtaka Rais awaweke majaji katika nafasi zao kulingana na mapendekezo ya Tume ya Huduma za Mahakama (JSC). Kwa Jaji Mkuu na naibu wake, Bunge la Taifa nalo lazima liidhinishe. Anayeyabonyeza maembe, kwa hivyo, ni JSC. Tume hiyo hutangaza nafasi, hupokea maombi, huwasaili waombaji hadharani, kisha hupeleka majina Ikulu. Kazi ya Rais ni kutia sahihi na kushuhudia kiapo.

Kumbe kitenzi kimoja kimebebeshwa vitendo viwili: kuchagua, na kurasimisha kilichochaguliwa na wengine. Vuta nikuvute kuhusu uhuru wa mahakama nchini mwetu, tangu enzi za mkoloni hadi leo, imekuwa ikipiganiwa hapo katikati.

Hakimu, kadhi na Bwana DC

Tuanze na msamiati. Maneno hakimu, hukumu, mahakama na hekima yametokana na mzizi mmoja wa Kiarabu. Kadhi pia asili yake ni Kiarabu. Jaji tulilipata kwa Mwingereza. Kila neno lilikuja na aliyelileta, na kila aliyelileta alikuwa na njia yake ya kumpata mwamuzi.

Pwani, makadhi na maliwali walipata mamlaka kutoka kwa Sultani wa Zanzibar. Baada ya mkataba wa 1895, Waingereza walishika usimamizi wa ukanda wa pwani wa maili kumi, na makadhi wakaendelea na kazi lakini chini ya serikali ya kikoloni. Huku bara, mambo yalikuwa mengine kabisa. Mkuu wa wilaya, Bwana DC, alisimamia ukusanyaji wa kodi, akatoa amri, kisha akaketi kama hakimu kuwahukumu walioivunja amri ile ile. Mwafrika aliyefikishwa mbele yake hakuwa na sababu ya kuuliza nani alimteua hakimu. Serikali na hakimu walikuwa mtu mmoja, tena mwenye kofia moja.

Mfano wa wazi zaidi ni kesi ya Kapenguria. Mwishoni mwa 1952, Jomo Kenyatta na wenzake watano walishtakiwa kwa kuongoza Mau Mau. Gavana Evelyn Baring alihitaji mtu wa kuisikiliza kesi hiyo. Akapatikana Ransley Thacker, jaji mstaafu, ambaye sasa aliketi kama hakimu. Tarehe 8 Aprili 1953 aliwahukumu wote sita kifungo cha miaka saba kila mmoja na kazi ngumu. Wanahistoria wameeleza kwamba Thacker alilipwa na serikali pauni 20,000, na shahidi mmoja muhimu, Rawson Macharia, alikuja kukiri baadaye kwamba ushahidi wake ulikuwa wa uongo. Hapo Gavana aliteua kwa maana kamili ya neno: alibonyeza, akanusa, akachukua embe alilolitaka.

Mteuzi abadilika, kitenzi chabaki

Mtu angetarajia kwamba aliyeonjeshwa uchungu wa Kapenguria angekuwa wa kwanza kuutenganisha mkono wa serikali na uteuzi wa majaji. Haikuwa hivyo. Kufikia Katiba iliyorekebishwa ya 1969, Rais alikuwa na uwezo wa kumteua Jaji Mkuu peke yake. Majaji wengine aliwateua kwa ushauri wa JSC. Lakini JSC ya wakati huo ilikuwa na akina nani? Jaji Mkuu, Mwanasheria Mkuu, majaji wawili na mwenyekiti wa tume ya utumishi wa umma. Wote walikuwa wameshika nyadhifa zao kwa mkono wa Rais. Kwa lugha ya mtaani, Rais alijiandikia barua ya ushauri, akaijibu mwenyewe.

Mwafrika wa kwanza kuwa Jaji Mkuu, Kitili Mwendwa, alichukua wadhifa huo 1968. Mnamo 1971 jina lake lilitajwa katika kesi ya njama ya kuipindua serikali. Hakushtakiwa, lakini alijiuzulu. Baada yake, kwa takriban robo karne, wengi wa waliokalia kiti hicho walikuwa wageni: Waingereza, na baadaye Fred Apaloo kutoka Ghana. Si kwamba mgeni hawezi kuwa jaji mwadilifu. Tatizo ni kwamba majaji wengi wa kigeni waliajiriwa kwa mkataba, na mkataba huwa na tarehe ya mwisho. Jaji anayejua kwamba mwaka ujao serikali itaamua kama ataongezewa muda au atafunga virago, huyo ana mengi ya kuyafikiria anapoandika uamuzi dhidi ya serikali hiyo hiyo.

Derek Schofield, jaji wa Mahakama Kuu, aliyaona hayo mwaka 1987. Alikuwa akisikiliza ombi la familia iliyotaka polisi wawasilishe mahakamani mpendwa wao aliyepotea mikononi mwao. Jaji alipokaza kamba, akaondolewa kwenye kesi na kutakiwa ahamie Meru. Aliamua kujiuzulu na kuondoka nchini.

Mwaka uliofuata, mlango ulifungwa kabisa. Agosti 1988, Bunge la chama kimoja lilipitisha marekebisho ya Katiba yaliyoondoa hakikisho kwamba jaji hawezi kufutwa ovyo. Marekebisho hayo hayo yaliongeza muda ambao polisi wangeweza kumzuilia mtu anayeshukiwa kwa makosa makubwa, kutoka saa 24 hadi siku 14. Hebu msomaji ayaweke mawili hayo pamoja: unapanua mamlaka ya kumshika mtu, na papo hapo unamtia hofu yule ambaye angeuliza kwa nini ameshikwa. Hakikisho hilo lilirejeshwa 1990, baada ya kelele za mawakili, viongozi wa makanisa na wanasiasa wa upinzani. Hata hivyo, somo lilikuwa limeshaeleweka. Kuteua bila kikomo humpa mteuzi kitenzi kingine kinachokwenda sambamba nacho: kufuta.

Upasuaji, kisha msasa

Serikali ya Narc ilipoingia madarakani mwishoni mwa 2002, umma ulikuwa umechoshwa na mahakama. Jaji Mkuu Bernard Chunga, aliyewahi kuongoza mashtaka katika kesi za Mwakenya, alijiuzulu Februari 2003 baada ya jopo kuundwa kumchunguza. Oktoba mwaka huo, kamati ya Jaji Aaron Ringera ikatoa ripoti iliyowataja majaji watano kati ya tisa wa Mahakama ya Rufaa, majaji 18 kati ya 36 wa Mahakama Kuu, na mahakimu 82 kati ya 254. Zoezi hilo liliitwa upasuaji mkubwa. Majina yalichapishwa magazetini, na waliotajwa wakapewa wiki mbili kuamua: kujiuzulu au kukabili jopo.

Wakenya wengi walishangilia, nami nilikuwa miongoni mwao. Lakini tukitazama nyuma, upasuaji ule ulikuwa na kasoro kubwa. Uozo ulitolewa, lakini mwili haukubadilishwa. Nafasi zilizoachwa wazi zilijazwa kwa njia ile ile ya zamani: Ikulu kuteua, JSC kuitikia.

Gharama ya kasoro hiyo ilionekana Desemba 2007. Jioni ya tarehe 30, muda mfupi baada ya matokeo ya urais kutangazwa, Jaji Mkuu alikuwa tayari Ikulu kumwapisha Rais Mwai Kibaki. Upinzani ulipoambiwa uende kortini kama una malalamiko, ulikataa katakata. Wahenga walituonya kuhusu kumpelekea nyani kesi ya ngedere. Watu zaidi ya 1,000 waliuawa katika wiki zilizofuata na mamia ya maelfu wakahama makwao. Sisemi mahakama peke yake ndiyo iliyosababisha maafa hayo. Ninalosema ni kwamba nchi ilipohitaji mwamuzi, nusu ya wananchi hawakumwamini aliyekuwepo, kwa sababu walijua alivyopatikana.

Ndiyo maana Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 ikaisuka upya JSC. Sasa majaji huwachagua wenzao wa kuwawakilisha, na mawakili huchagua wao wawili. Mwanasheria Mkuu yumo, tume ya utumishi wa umma ina mwakilishi, na umma unawakilishwa na mwanamume mmoja na mwanamke mmoja wanaopendekezwa na Rais na kuidhinishwa na Bunge. Majaji na mahakimu waliokuwepo nao ikabidi wachunguzwe upya, zoezi ambalo magazeti ya Kiswahili yaliliita kupigwa msasa. Asili ya usemi huo ni mti wa msasa, ambao majani yake makavu na yenye mikwaruzo yalitumiwa na mafundi kulainishia mbao. Lakini fundi anayepiga msasa hana nia ya kuutupa ubao. Aprili 2012 bodi hiyo ilipotoa uamuzi wake wa kwanza, majaji wanne wa Mahakama ya Rufaa waliambiwa hawafai tena. Huo haukuwa msasa, bwana, lilikuwa chujio.

Huwezi kushauriana peke yako

Mtihani wa kwanza wa mfumo mpya ulihusu kitenzi kingine. Januari 2011, Rais Kibaki alitangaza jina la aliyemtaka awe Jaji Mkuu, pamoja na majina ya Mwanasheria Mkuu na Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Sheria ya mpito ilimtaka ashauriane na Waziri Mkuu Raila Odinga. Ikulu ilisema walishauriana. Raila akasema hapakuwa na kitu kama hicho.

Wanasheria walibishana kwa wiki kadhaa kuhusu maana ya neno hilo. Mwalimu wa sarufi angewapunguzia kazi. Kiambishi -an- katika kushauriana ni cha kutendana, nacho hudai pande mbili. Huwezi kupigana peke yako, huwezi kuoana peke yako, na kushauriana hali kadhalika. Kumwarifu mtu uamuzi uliokwisha kuufanya ni kuarifu tu. Mahakama Kuu iliona utaratibu umekiuka Katiba, Spika Kenneth Marende akaamua vivyo hivyo Bungeni, na mnamo Februari Rais akayaondoa majina hayo.

Nafasi ikatangazwa. Mei 2011, kwa mara ya kwanza, Wakenya waliwaona kwenye runinga watu waliotaka kuwa Jaji Mkuu wakisailiwa. Dkt Willy Mutunga, aliyewahi kuwekwa kizuizini bila kushtakiwa enzi za Moi, aliulizwa hadharani hata kuhusu kipuli alichovaa sikioni. Wapo waliocheka na wapo waliokasirika. Lakini mwananchi aliyeketi kibandani akinywa chai alikuwa anashuhudia embe likibonyezwa. Miaka iliyotangulia, aliletewa limeshafungwa kwenye mfuko.

Majina matatu, majina 41

Wanasiasa si wepesi wa kusahau utamu wa kitenzi. Desemba 2015, Bunge lilibadilisha sheria ili JSC impelekee Rais majina matatu ya Jaji Mkuu badala ya moja. Badiliko lilionekana dogo. Lakini ukipewa jina moja, unatia sahihi. Ukipewa matatu, unateua. Mahakama Kuu iliibatilisha sheria hiyo 2016, na David Maraga akapendekezwa na JSC kwa utaratibu wa jina moja.

Tarehe 1 Septemba 2017, majaji wanne wa Mahakama ya Juu dhidi ya wawili waliubatilisha uchaguzi wa urais. Siku hiyo hiyo, katika soko la Burma jijini Nairobi, Rais Uhuru Kenyatta aliwaita Maraga na wenzake "wakora". Lugha ina mizaha yake: uhuru wa mahakama uligongana na Uhuru mwenyewe. Baadaye akaahidi kulirejelea suala la mahakama. Alilirejelea kwa kunyamaza.

Mwaka 2019, JSC ilipendekeza majaji 41. Rais hakutia sahihi. Serikali ilidai kuwa na taarifa zisizo nzuri kuhusu baadhi yao, bila kuziweka wazi. Februari 2020, Mahakama Kuu iliamua kwamba Rais hana uwezo wa kuyachuja majina hayo. Kimya kikaendelea. Juni 2020, Maraga alijitokeza mbele ya wanahabari kulalamika waziwazi.

Na si kwamba hili lilikuwa gomvi la wakubwa tu. Kati ya majaji hao 41, 20 walikuwa wa Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Mkulima mwenye kesi ya mpaka wa shamba, mjane aliyenyang'anywa kiwanja na mashemeji, wote hao walisubiri miaka miwili kwa sababu ya sahihi moja. Mmoja wa waliopendekezwa alifariki kabla ya kuapishwa.

Juni 2021 ndipo likatoka lile tangazo la majaji 34. Wawili kati ya sita walioachwa, Joel Ngugi na George Odunga, walikuwa kwenye jopo la majaji watano lililousimamisha mchakato wa BBI mwezi mmoja tu kabla. Rais alizungumzia uadilifu. Wakosoaji wake waliona kisasi. Hoja ya uadilifu yenyewe ilikuwa na walakini: wanne kati ya sita walikuwa tayari majaji wa Mahakama Kuu, na waliendelea kutoa hukumu humo kila siku. Iweje mtu asifae orofa ya juu, lakini afae orofa ya chini?

Septemba 2022, Rais William Ruto aliwatangaza wale sita siku alipoapishwa, nao wakala kiapo siku iliyofuata. Makofi yalipigwa. Kwangu mimi, makofi hayo yalikuwa na ila yake. Tulimshukuru Rais kana kwamba ametupa zawadi, ilhali alitekeleza wajibu uliokuwa umechelewa miaka mitatu. Kinachopokewa kama zawadi leo kinaweza kunyimwa kesho, na rais ajaye atasema naye ana hiari ya kutoa au kutotoa. Haikuchukua muda mrefu. Januari 2024, Rais yuyo huyo alikuwa akiwashutumu baadhi ya majaji kwa ufisadi na kusema hatakubali wazuie miradi yake, mawakili wakaingia barabarani kuandamana, na mwishowe Jaji Mkuu Martha Koome akakutana naye Ikulu.

Sitaki nieleweke kwamba JSC ni baraza la malaika. Majaji kushiriki kuwachagua majaji wenzao kuna hatari ya kulindana. Madai ya hongo mahakamani si ya kubuni tu, na mwananchi aliyewahi kuambiwa faili yake "imepotea" hahitaji kuhadithiwa. Hata hivyo, Katiba ina njia ya kushughulikia hayo: malalamiko hupelekwa JSC, na yakiwa na uzito jopo huundwa. Mwanasheria Mkuu naye ni mwanachama wa tume hiyo. Serikali yenye ushahidi dhidi ya mwombaji ina mahali pa kuutoa, mbele ya mwombaji mwenyewe, naye akajitetea. Kuukalia ushahidi Ikulu baada ya usaili kumalizika ni kumhukumu mtu bila kumsikiliza, kosa ambalo hata hakimu wa wilaya hawezi kusamehewa.

Nirudi kwa mwanafunzi wangu. Tulikubaliana kwamba neno kuteua lirudishwe kwa mwenyewe: JSC huteua majaji, Rais huwarasimisha. Akajaribu kuiandika upya habari ile ya Juni 2021: "Rais awarasimisha majaji 34 walioteuliwa na JSC, akataa kuwarasimisha sita." Akaisoma kwa sauti, akaisoma tena, kisha akaniangalia. "Mwalimu," akasema, "sasa kosa linaonekana."